Gurudumu Lililoongezeka Uzito

Mtu akishalala mahabusu siku tatu huulizia wakili, au mke, au walau kipande cha sabuni. Fundi Gramu aliulizia mizani.

Inspekta alimwomba arudie, maana alidhani masikio yake yameanza kuzeeka kumpita mwenyewe. Alikuwa amemtoa selo asubuhi hiyo ya Jumapili na kumkalisha chumba cha mahojiano, kile chenye meza ya kuyumba, akijiandaa kusikia wimbo ule ule wa kila mtuhumiwa: sijui, sikumbuki, Mungu ndiye shahidi yangu. Kumbe huyu hana haja ya kumsumbua Mungu. Anataka mtu aende gereji kwake, achukue mizani, apime magurudumu manne ya gari la marehemu, basi.

"Pima, afande," alisema. "Mimi naweza kudanganya. Kilo haiwezi."

Kwenye karatasi kesi ilikuwa nyepesi mno. Alhamisi asubuhi mkunga wa hospitali alikuwa akiteremka mlima kwenda kazini. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto, likachomoka na kumtangulia barabarani, gari likapinduka mtaroni, na mama yule aliyepokea nusu ya watoto wa mji akafa papo hapo, wiki tatu kabla ya kustaafu. Jumamosi iliyotangulia Fundi Gramu ndiye aliyemtolea magurudumu ya kiwandani na kumfungia mapya ya aloi, ya kung'aa, zawadi kutoka kwa wanawe. Barabarani ilikutwa nati moja tu, nayo haikuwa ya magurudumu yale mapya. Mkuu wa kituo aliigeuzageuza kiganjani, akasema fundi kafunga nati za kubahatisha na kaua mtu kwa uzembe. Alitaka jalada mezani kwake saa kumi jioni, ili kesho asubuhi fundi apandishwe kizimbani. Akitiwa hatiani anafungwa yeye, na gereji inafungwa. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa kwenye benchi la nje tangu Alhamisi ile, akienda nyumbani kulala tu.

Inspekta alimwekea ile nati mezani na kumwuliza kama anaijua. Fundi alisema anaijua vizuri, ni ya kiwandani, na ni halali kabisa kwa rimu ya kiwandani. Kichwa chake ni cha mviringo, kama tako la yai, kwa sababu tundu la rimu ile nalo limechimbwa hivyo. Rimu mpya tundu lake limechongwa kama faneli, linataka nati iliyochongoka.

"Tia yai kwenye faneli," alisema. "Litakaa, na ukiligusa utaapa limekaa. Lakini linagusa kwenye mstari mwembamba tu. Tembea nalo siku moja, siku mbili. Litalegea."

Ndiyo maana, akaendelea, yeye alifunga nati kumi na sita zilizochongoka, za kung'aa, nne kila gurudumu. Na kwa kuwa tundu la katikati la rimu mpya lilikuwa pana kuliko habu, kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu, alitia pete ili rimu isicheze. Alikaza kwa spana ya kupimia, si kwa kubahatisha. Zile nati kumi na sita za kiwandani alizifunga kwenye kifuko cha kitambaa na kuziweka kwenye buti, maana gurudumu la spea lilibaki la kiwandani na siku likihitajika litadai nati zake. Mafundi wengine huzitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Yeye hazitupi, na alimweleza mama yule hivyo, ingawa aliona kabisa kuwa mawazo ya mama yalikuwa kwa wajawazito wake wa wodini.

Mlangoni Koplo alicheka kidogo, akasema kila fundi ana maneno. Huyu Koplo alikuwa dereva wa Inspekta mwaka wa tisa sasa, mtu wa roho ya pamba ambaye jeshi la polisi lilimpata kwa makosa. Siku ya ajali ndiye aliyevua koti lake akamfunika marehemu, kisha akaenda nyuma ya gari kupenga kamasi kwa muda mrefu. Na huyu huyu ndiye aliyeleta blanketi kutoka kwake nyumbani ili Fundi Gramu asilale kwenye saruji tupu. Inspekta alipomwuliza tangu lini anawalea watuhumiwa, alijibu tu kwamba binadamu ni binadamu.

Walitoka na pikapu ya polisi kwenda yadi yanakowekwa magari ya kesi. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo kitu kiligongagonga ndani ya mlango wa dereva, ko ko ko, mpaka Inspekta akasikia meno yanamuuma. Alimwambia Koplo atoe takataka zake mlangoni. Koplo alisema ni spana tu, ataitoa.

Gari la mkunga lilikuwa pembeni ya yadi, paa limebonyea, kalamu tatu za hospitali bado zimetawanyika kwenye zulia. Inspekta hakupenda kuzitazama. Alichuchumaa akahesabu nati za magurudumu matatu yaliyobaki: kumi na mbili, zote za kung'aa, zote zimechongoka, kama fundi alivyosema. Kisha akafungua buti. Kifuko kilikuwepo, kimeshonwa kwa kitambaa cha suruali kuukuu, kamba yake imefungwa fundo la haraka haraka. Akamimina nati juu ya gazeti na kuhesabu. Akahesabu tena kwa kidole, akisukuma moja moja.

Zilikuwa kumi na mbili.

Kwa hiyo nati nne za kiwandani zimetoka kwenye kifuko, na nne za kung'aa zimetoweka duniani. Inspekta alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Koplo, aliyekuwa amesimama nyuma yake, ndiye aliyesema kwanza. Alisema hapo ndipo alipojinasa fundi: alipungukiwa nne za kung'aa, akajazia za kiwandani, akidhani hakuna atakayejua. Jalada limejiandika lenyewe, afande, tumpelekee mkuu.

Inspekta alitaka kukubali. Ilikaa vizuri, na yeye naye ni mtu, Jumapili anapenda kuwa kwake. Lakini tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kuamini kitu kilichokaa vizuri kabla ya kukitikisa. Akaamuru magurudumu manne yapakiwe kwenye pikapu, wakapitie kituoni kumchukua dada wa fundi, maana yeye ndiye mwenye funguo za gereji.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba kimoja kisafi kama zahanati. Spana zilining'inia ukutani kwa ukubwa, na katikati, mahali ambapo mafundi wengine huweka kreti la kukalia, palikuwa na mizani. Dada mtu aliifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Alisema mdogo wake hupima kila kitu, hata mwanawe wa pili alipimwa hapo kabla ya kliniki, na kliniki walipompima kilo zikalingana. Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Aliuliza kama ni kweli kesho watampeleka mahakamani, na Inspekta akasema bado hajaandika chochote.

Ndani ya kila rimu palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, mkono wa Fundi Gramu, makini kama wa mwalimu wa darasa la kwanza: 15.2. Dada alieleza kwamba hizo ni kilo za gurudumu zima, rimu pamoja na tairi. Magurudumu ya kiwandani ya gari lile, yale yaliyopangwa kona ya gereji yakisubiri kufuatwa, yaliandikwa 17.6. Mpya yalikuwa mepesi, na mdogo wake alimwambia mama mkunga kwamba atausikia usukani umelainika.

Gurudumu la kwanza lilitoa kilo kumi na tano na gramu mia mbili. La pili vile vile. La tatu vile vile. Koplo akainua la nne, lile lililochomoka, lililokutwa limeegemea ukuta wa shule chini ya mlima likiwa na upepo wake wote. Mshale ukapita kumi na tano, ukapita kumi na sita, ukatulia kwenye kumi na sita na nusu.

Waliitazama mizani wote watatu. Koplo alisema basi ni rimu feki, fundi kamchanganyia marehemu rimu za viwanda viwili. Dada mtu alimgeukia polepole, akamwonyesha ile 15.2 ya ndani. Rimu ni ile ile, alisema, mwandiko ni ule ule, na mdogo wake angekata kidole kabla ya kuandika kilo ambayo mizani haikusema.

Inspekta aliwaacha wabishane. Alipiga magoti kando ya gurudumu na kutia kidole kwenye tundu moja la nati. Tundu lote lilikuwa limesuguliwa, linang'aa kuanzia juu hadi chini, kama matundu ya yale matatu mengine. Hiyo ilikuwa kazi ya nati iliyochongoka, iliyokazwa ikakazika. Lakini juu ya mng'ao huo palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa duara, mpya, uliochimba chuma. Akapima la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa hivyo.

Gurudumu hili lilifungwa vizuri kwanza. Kisha mtu mwingine akalifungua, akalifunga upya na nati za kifukoni.

"Toeni tairi," alisema.

Dada mtu hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikuwa amekaa na fundi miaka ya kutosha. Alichukua nyenzo mbili za chuma, akakanyaga tairi, akalibandua ubavu mmoja kwa nguvu za mtu aliyekaa benchini siku tatu bila pa kupeleka hasira. Ndani, pale ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu zaidi ya hewa, kulikuwa na tyubu nyeusi. Dada mtu alisema gereji yao haijawahi kutia tyubu kwenye rimu ya aloi, mdogo wake angelia. Waliipima peke yake. Kilo moja na gramu mia tatu.

Siku tatu Inspekta alikuwa akichunguza nati, na jibu lilikuwa limejikunja ndani ya tairi. Mama mkunga alipata pancha. Baada ya Jumamosi na kabla ya Alhamisi kuna mtu aliyelitoa gurudumu lile, na mtu huyo hakuwa Fundi Gramu. Juu ya tyubu, karibu na vali, palikuwa na namba ya simu kwa rangi nyekundu, tangazo la bure la mafundi wa pancha, ili siku nyingine mteja asipotee.

Koplo alisema namba hizo huandikwa ovyo, tyubu zenyewe huuzwa kuukuu, zitawapotezea muda na saa kumi inakaribia. Inspekta alikuwa ameshapiga. Sauti ya mzee ikapokea, ikasema yupo kazini, chini ya tangi la maji, barabara ya hospitali, kila mtu anapajua.

Kila mtu anapajua, lakini Koplo alipapita. Alipita kona ya tangi, akaenda hadi sokoni, akageuza, akapita tena. Inspekta alimwuliza kama anaumwa, kwa sababu jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Alisema ni joto. Mlangoni kile kitu kiliendelea kugonga, ko ko ko, na Inspekta, akiwa na mengi kichwani, hakusema neno tena.

Mzee wa pancha alikuwa ameketi kwenye tairi la lori, miwani imefungwa kwa uzi, akipuliza moto wa mashine yake ya kubandikia viraka. Pikapu iliposimama aliinua macho. Hakumtazama Inspekta wala nyota zake za begani. Alimtazama dereva, uso ukamchanua.

"Kaka," alisema, "karibu tena. Yule mama wa Jumanne alifika salama?"

Mashine ya viraka iliendelea kuvuta moto. Inspekta aligeuka kumtazama mtu aliyekaa naye kwenye pikapu hiyo miaka tisa, mtu anayejua dawa zake za presha na jina la utani la mumewe, na kwa mara ya kwanza akaona hamjui. Alitaka mzee awe amekosea, awe na miwani mibovu, awe anamfananisha. Lakini mzee alikuwa akiendelea kueleza kwa furaha jinsi askari yule alivyomsaidia mama wa watu: msumari ulichana tairi ubavuni ikabidi atie tyubu, na askari akakataa mama achafuke mikono, akalifungua gurudumu mwenyewe na kulifunga mwenyewe, akalikaza mpaka spana ikalia. Watu wa namna hiyo hawapo siku hizi, alisema mzee.

Inspekta alishuka, akazunguka mbele ya pikapu, akafungua mlango wa dereva. Koplo hakumzuia. Kwenye mfuko wa mlango, chini ya kitambaa cha kufutia kioo, vidole vyake vilikuta chuma. Alitoa moja, akatoa ya pili, ya tatu, ya nne. Ziling'aa juani, ncha zake zote nzima.

Koplo alisema, akitazama usukani.

"Alimzalisha mke wangu, afande. Mapacha. Ningempitaje barabarani?"

Mengine yalitoka vipande vipande. Jumanne alimkuta mama kando ya barabara, akasimama. Nati za kung'aa alizitia mfuko wa mlango zisipotee kwenye matope. Tyubu ilipokuwa tayari alifungua buti kutafuta kitambaa cha kujifutia mikono, akakiona kifuko. Akaona nati za kiwandani, na yeye tangu ajifunze kuendesha ameambiwa kitu cha kiwandani ndicho kitu, hivi vya kung'aa ni mapambo ya vijana. Alimwambia mama hivyo hivyo, na mama akamshukuru kwa kumjali. Alifunga zile za kiwandani kwa nia njema, akasahau zile nyingine mlangoni.

"Nilikaza," alisema. "Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili."

Inspekta alimwuliza alijua lini. Koplo alisema alipofika mtaroni Alhamisi na kuliona gari ni lile, alijiambia hapana, mimi nilikaza, ni rimu za fundi. Alijiambia hivyo kila alipopita mbele ya selo. Leo asubuhi fundi alipotaja yai na faneli ndipo alipojua, akacheka ili asianguke.

Hasira ilimpanda Inspekta mpaka akaona giza. Kukosea, angeweza kumsamehe. Nani angemfunga mtu kwa kusimama kusaidia? Lakini huyu alisimama yadini saa chache zilizopita, ameshajua, akamwambia jalada limejiandika.

"Ungemwacha aende kizimbani," alisema.

Koplo alichomoa funguo, akampa, akashuka. Hakuna aliyemwambia aende wapi. Alipanda nyuma ya pikapu, kwenye bodi, mahali wanapokaa washukiwa, akavua kofia na kuiweka magotini. Mzee wa pancha alimwangalia, akamwangalia Inspekta, akauliza kwa sauti ndogo kama amesema kitu kibaya.

Saa kumi kasorobo jalada lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, na juu yake nati nne za kung'aa zikizuia karatasi zisipeperuke. Mkuu alisoma ukurasa wa kwanza, akaurudia. Kisha akafunga mlango wa ofisi yake na hakuonekana tena jioni ile.

Fundi Gramu alitolewa selo akiwa na vumbi la ukuta mgongoni. Dada yake alimshika mkono. Fundi aliuliza lile gurudumu lilitoa ngapi, na Inspekta akamwambia kumi na sita na nusu. Alifikiri kidogo tu.

"Tyubu," alisema. "Nani alilirudishia?"

Hapo ndipo Koplo alipoletwa kwenye korido, hana mkanda, hana kamba za viatu, askari mdogo akimwongoza bila kujua amshike wapi. Walikutana mlangoni, mahali ambapo watu wawili hawapiti bila mmoja kukaa upande. Fundi alitazama viatu vilivyo wazi, akamtazama Inspekta, na Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Ilimchukua Fundi muda kuelewa. Alipoelewa, dada yake alimkaza mkono, maana alidhani atampiga Koplo.

Fundi aligeuka, akarudi ndani ya selo. Alitoka na lile blanketi, limekunjwa pembe kwa pembe, akamwekea Koplo mikononi.

"Lala upande wa dirisha," alisema. "Kona nyingine sakafu ina maji."